Mgongo Uliomzaa Shangazi

Shangazi yangu alizaliwa mara mbili, na mara ya pili alizaliwa na mama. Ndivyo tunavyosema kwetu: mtoto akipewa jina lako, umezaliwa. Mimi, kifungua mimba, nilipewa jina la nyanya, mama yake baba. Wakafuata kaka zangu, wakazaliwa babu wote wawili. Akaja dada, akazaliwa nyanya wa upande wa mama. Mama akadhani amemaliza.

Lakini shangazi, dada pekee wa baba, alikuwa akija kwetu Mugutha kutoka Gitothua kila Jumapili baada ya ibada, anakunywa chai yetu na kulalamika.

"Mke wetu, mimi bado sijazaliwa. Ama mnanichukia?"

Mama akajaribu tena. Wakaja wavulana, mmoja nyuma ya mwingine. Namkumbuka mama akitoka bombani na mtungi mkononi, mmoja tumboni, mwingine mgongoni, anavutwa mbele na nyuma kama kamba ya mashindano. Mwishowe akaja msichana. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Sikumbuki akiuliza mama anaendeleaje.

Leo mama ameinama. Mwaka jana nilimpeleka Thika kwa daktari wa viungo. Daktari alipapasa uti wa mgongo wake taratibu, akasema mifupa huchoka na umri, hilo ni la wengi. Lakini misuli ya tumbo, ile inayoushika mgongo, ilivutwa mimba baada ya mimba bila kupewa muda wa kurudi, na sasa pingili zinabeba mzigo peke yake. Akamfundisha kusimama mgongo ukutani. Akamkataza kuinama na kunyanyua vitu vizito.

Mama alicheka. "Sasa nani atapika?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo.

Krismasi shangazi alikuja kula. Sufuria ya mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, ilikuwa chini, nje ya jikoni, na mama amejikunja juu yake akiponda. Shangazi, aliyezaa mmoja tu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, wima.

"Ai, mke wetu, umeangusha sindano? Tukusaidie kutafuta?"

Baba akacheka. Ni hicho kicheko kilichoniinua.

Tangu utotoni baba huniita mami, kwa sababu kwa jina mimi ni mama yake. Ulikuwa utani wa nyumba yetu, mtamu, na sikuwahi kuutumia kwa lolote. Siku hiyo nilishika kiuno kama nyanya alivyokuwa akishika.

"Kijana yangu," nikamwambia baba, "unacheka nini? Nilikuzaa ukae tu? Weka hiyo sufuria juu ya meza."

Wote wakaangua kicheko. Baba akainuka akitabasamu, akanyanyua.

"Na wewe, msichana yangu," nikamgeukia shangazi, "shika mwiko."

"Wee! Na hii nguo ya kanisa?"

"Unanijibu? Mimi mama yako?"

Kicheko kikakatika. Kama mimi si nyanya, basi hata yeye hakuwahi kuzaliwa, na miaka ile yote alikuja kunywa chai bure. Alinitazama, akalijua hilo. Akavua koti.

Mama akaenda ukutani kama alivyofundishwa: visigino, makalio, mabega. Kichwa hakikufika. Kilibaki kikining'inia mbele, na macho yake yakanitafuta. Nilingoja aseme, "Mwache." Alijisukuma zaidi ukutani.

Shangazi aliponda. Jasho likamtoka. Meza ilikuwa fupi kwake, ikabidi ainame.

"Mgongo unaniuma," akasema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Ponda, msichana yangu," nikamwambia. "Bado naona viazi vizima."

Kisha nikavuta kile kiti chake cha plastiki, nikampelekea mama.