Kusimama na Gita la Tata

Nilijifunza gita nikiwa nimekaa, kwa sababu aliyenifundisha alikuwa amekaa. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu Nyamira, aliumia goti akiwa kijana na halikupona sawasawa. Siku za soko pale Birongo na kwenye harusi za watu, alipiga gita akiwa juu ya kreti ya soda, nyuma ya waimbaji. Watu waliwaona waimbaji. Yeye aliona migongo yao. Aliwahi kuniambia kwamba angeweza kumtambua kila mwimbaji wa enzi zake kwa kisogo tu, na tukacheka sana. Nilipokuwa mtu mzima kicheko kile kilianza kunikera.

Kwa hiyo nilirithi nyimbo zake pamoja na mkao wake: gita juu ya paja la kulia, mgongo umepinda, macho kwenye vidole. Nilikaa hivyo tangu nikiwa msichana wa darasa la sita hadi nikawa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sironga. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna ubaya wowote, na kwa kweli haukuwepo.

Kisha masikio yake yakaanza kuondoka. Kwanza alilalamika kwamba tunanong'ona. Halafu akalalamika kwamba redio imeharibika, akaipeleka kwa fundi, na fundi akairudisha akisema ni nzima kabisa. Siku aliyokubali ukweli alilipangusa gita lake kwa shati kuukuu, akanikabidhi. "Mimi sitapiga kitu nisichokisikia," alisema. Tangu siku hiyo tulizungumza hivi: yeye kwa mdomo, mimi kwa kalamu, kwenye kurasa zilizobaki za madaftari ya wanafunzi wangu.

Miaka michache baadaye yakaja macho. Daktari wa Kisii aliniambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ingechelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Niliingia choo cha hospitali nikalia. Nilipotoka, Tata alikuwa ameketi kwenye benchi akipekua mfuko wa dawa kama mtu aliyetoka dukani.

Tulipofika nyumbani ndipo alipolisema.

"Kabla macho haya hayajafungwa, nataka nikuone na hilo gita mbele ya watu. Tenena," akasema kwa Ekegusii, akiinua kiganja juu ili nisimame. "Usikae nyuma ya migongo kama mimi. Sitasikia, lakini vidole nitavisoma."

Nikamwandikia: HIYO NI KAZI NDOGO. Bado ninalo daftari lile, na ukurasa ule ninauchukia.

Gita lenyewe halikuwa hata na mahali pa kufungia mkanda, maana mwenyewe hakuwahi kusimama nalo. Seremala alinikazia kishikizo kidogo upande wa nyuma, na upande wa kichwani nikafunga kwa kamba ya kiatu. Nikanunua mkanda Kisii. Nikaliacha gita lining'inie hadi kiunoni, kama ninavyowaona wapigaji kwenye video, kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo watu husimama na gita.

Ilikuwa aibu tupu. Kichwa cha gita kilianguka kuelekea sakafuni, ikabidi mkono wa kushoto ulibebe badala ya kubonyeza nyuzi. Kifundo cha mkono kikajikunja vibaya. Uso wa gita ukageukia mbele, na ili nione vidole vyangu nilijipinda kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Na wanaotengeneza magita hawajawahi kuwa na matiti, hilo nina hakika nalo. Nyimbo nilizopiga tangu utoto ziligeuka ngeni. Nilitupa gita kitandani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, kisha nikarudi kulichunguza kama lina ufa. Nilimtukana seremala. Nilitukana mkanda. Tata alikuwa upande wa pili wa ukuta na hakusikia neno, na hilo nalo lilinichoma.

Wakati huohuo kwaya ya kanisa letu ilikuwa inarekodi wimbo. Sauti ya gita ni yangu. Niliipiga studio moja ya mjini, nikiwa nimekaa juu ya stuli, mara moja tu, na mtu wa mitambo akaniinulia dole gumba. Ikaja siku ya kupiga video. Tulipanda kilima cha chai tukiwa na vitenge vyetu vipya, mwenye shamba akitufuata nyuma na kulalamika kwamba tunavunja machipukizi. Nilipangiwa kusimama mbele, katikati. Nilikuwa nimemwandikia Tata habari hiyo, na alikuwa ameniuliza mara mbili video itatoka lini.

"Madam, inua kichwa," mwalimu wa kwaya alisema. "Kamera haioni uso."

"Nikiinua sioni nyuzi."

"Nyuzi za nini sasa? Sauti tuko nayo kwa simu. Wewe shika tu, utabasamu."

Mwingine yeyote angeshika tu. Kila mtu huko kwetu anajua kwamba magita ya kwenye video hayapigi chochote. Lakini mtazamaji niliyemjali alikuwa mmoja, na yeye hasikii, anasoma vidole. Ningemdanganyaje? Basi nikajaribu kupiga kweli, nikainama, wakasimamisha kamera. Nikajaribu tena, nikainama. Mpiga picha akatazama angani, akasema jua linaenda.

"Sikiza, dada," mwalimu wa kwaya akasema, na sasa alikuwa mpole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Tumpatie huyu wetu wa besi, ako na urefu. Wewe ingia pale kwa maalto. Ni video tu."

Nilivua mkanda mwenyewe. Hakuna aliyenipokonya kitu. Nilimvalisha yule jamaa gita la baba yangu, nikamrekebishia kola, nikaenda kusimama safu ya tatu.

Tata aliitazama video ile kwenye simu yangu, ameisogeza karibu na pua, akiigeuza pembeni kutafuta sehemu ya jicho iliyokuwa bado inaona. Nilitumaini hataona vizuri. Naomba Mungu anisamehe, lakini nilitumaini hivyo.

"Huyu hapigi," alisema baada ya muda. "Vidole vyake havijatoka mahali pamoja tangu mwanzo. Amelishika kama kuku asitoroke." Akasogeza simu zaidi. "Na gita ni langu. Wewe uko wapi?"

Nikasimamisha picha, nikamwonyesha. Nilionekana kipaji cha uso na jicho moja, kati ya mabega ya wanawake wawili. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nimekuona," alisema, akanirudishia simu.

Hakuniuliza sababu. Angeniuliza ningekuwa na la kuandika, ningejitetea, ningemlaumu mwalimu wa kwaya na jua. Aliomba tu maji ya kunywa. Yeye alikaa nyuma ya migongo kwa sababu ya goti. Mimi nina miguu miwili mizima, na nilikwenda huko kwa hiari yangu.

Niliendelea kujaribu kila jioni niliporudi kutoka shuleni, jikoni, nikiwa nimeukabili ukuta. Sikupata nafuu yoyote. Nilichoona kinabadilika ni daftari. Mwanzo nilimwandikia Tata mistari ya kawaida. Halafu ikabidi niandike sentensi moja kwa ukurasa mzima. Halafu maneno matatu, kwa kalamu nene. Nilikuwa napima macho yake kwa kurasa, na kurasa zilikuwa zinaniacha nyuma.

Siku niliyofumbua fumbo lile nilikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya jikoni, gita pajani kama zamani, mkanda nimeufupisha ili usining'inie miguuni, chai ikichemka. Maziwa yakaanza kufurika. Nikaruka kuitoa sufuria motoni, na gita likabaki palepale lilipokuwa, kifuani, shingo imeinuka, kana kwamba bado limekalia paja langu. Niliweka sufuria chini. Nikaupeleka mkono wa kushoto bila kutazama, na vidole vikaangukia vinapostahili.

Kumbe lilikuwa suala la mkanda. Urefu wa kiganja kimoja na nusu. Unavaa mkanda ukiwa umekaa, unaufupisha hadi gita litulie bila kushikwa, ndipo unasimama, na mikono haioni tofauti. Mtu angeweza kunieleza kwa dakika moja. Badala ya kufurahi nilishikwa na hasira, kwa maana siku ile Tata alikuwa anasoma neno moja kwa ukurasa, na neno lenyewe lisizidi herufi tano.

Yaliyobaki yalikuja haraka. Nilijifunza kugawa uzito kwenye miguu yote miwili, kulegeza bega, kutazama msumari ukutani badala ya vidole. Nilipokosea sikuinama tena kutafuta kosa. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa napiga wimbo mzima huku nikitazama dirishani kuku wakiparua, na mwili wangu hauna habari kwamba unafanya kazi. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Sikuwahi kuijua kabla, na ninakiri kwamba ni tamu.

Mwalimu wa kwaya alinipa nafasi kwenye misa ya Jumapili. Tulimleta Tata mapema, tukamkalisha benchi la kwanza, hatua chache kutoka nitakaposimama. Nilimwandikia neno moja, MBELE, akalitazama, akaitikia kwa kichwa, nikaamua kwamba amelisoma. Wimbo ulipoanza nilisimama wima, nikapiga bila kosa. Kisha nikafanya nililokuwa nimeliota tangu siku ile ya hospitali: niliinua macho nimtazame anavyonisoma vidole.

Alikuwa ameligeuzia dirisha uso. Pale ndipo palipokuwa na mwanga, na mwanga ndio pekee uliobaki kwake. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kuelekea dirishani, kama mgeni aliyeambiwa kuna kitu kizuri upande ule. Nilimaliza wimbo. Vidole havikukosea hata uzi mmoja, na laiti vingekosea. Watu walipiga makofi, na mama mmoja akaniambia nimependeza.

Nyumbani nilimkalisha barazani. Aliniuliza, "Ulisimama?" Daftari halikuwa na kazi tena. Nilichukua mkono wake, nikaandika kwa kidole changu kwenye kiganja: NDIYO.

"Watu walikuona?"

NDIYO.

"Mimi niliona mwanga," alisema. "Nikasema, lazima ni hapo." Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Haya, nipigie."

Nikavaa gita. Nikasimama mbele yake, maana ndivyo nilivyokuwa nimejifunza, ndivyo alivyotaka, na kwa kweli sikujua tena namna nyingine. Nikapiga wimbo wake wa zamani, ule wa siku za soko. Niliupiga vizuri kuliko alivyowahi kuupiga yeye. Mkono wake ukanyooka hewani, ukapapasa huku na huku, ukagusa goti langu, ukapanda hadi pindo la blauzi, ukaishia hapo.

"Ikaransa," alisema. "Kaa chini, mama. Ukisimama mkono wangu haufiki."

Nikavuta stuli, nikakaa. Mgongo ukajipinda wenyewe kama zamani. Aliliona gita kwa vidole, akatafuta pale ubao ulipochakaa kwa mkono wake mwenyewe, akalaza kiganja hapo. Nikaanza upya. Nililia kwa sauti kubwa, jinsi watu wanavyolia msibani, kwa kuwa hakuwa wa kunisikia wala wa kuniona, na nilidhani niko peke yangu.

Kiganja chake kikatulia juu ya ubao, kikabonyeza kidogo.

"Taratibu, mama," akasema. "Unalitikisa."