Baba Mkwe Anaijaza Mashine Yangu Oili ya Gia

Admin, nifichie jina kabisa, hapa Korogwe tunajuana hadi kanga tulizoanika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto wawili. Nauza nyama ya mbuzi. Naifuata minadani Handeni, naikata nyumbani, naipaki kwenye mifuko na kuituma Tanga kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Msome hadi mwisho kabla ya kunitukana, maana nawajua.

Mwaka huu nilinunua mashine ya kuondoa hewa kwenye mifuko. Siyo ile ndogo ya kubana mdomo tu. Hii ni kama sanduku zito lenye mfuniko: unalaza mfuko mzima ndani, unafunika, inanyonya hewa yote kisha inaziba mdomo kwa moto. Ina pampu inayotumia oili, na oili yake ilikuja kwenye chupa, nyepesi na safi kama maji.

Baba mkwe tunaishi naye. Ujanani alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mkonge, kwenye ile mashine kubwa ya kuchakata majani ambayo wenyewe wanaiita korona. Mashamba yalipobinafsishwa wakapunguzwa, akarudi kwao Handeni kulima mahindi. Mama mkwe alipofariki mume wangu akamleta kwetu. Jamani, mzee alikuwa anakaa barazani kutwa nzima, ukimwamkia anaitika "marahaba" kwa sauti ya mgonjwa. Siku mashine ilipofika, akasimama. Akavaa ovaroli yake ya zamani, akaunda meza ya mbao, akaweka sahani ya maji juu yake kuhakikisha haijainama upande wowote. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Kisha akafungua ile chupa, akajipaka oili vidoleni, akacheka. "Mwanangu, haya ni maji ya kunawa. Chuma kinataka kitu kizito."

Nikasema polepole, "Baba, karatasi yake inasema..."

"Karatasi kaiandika mtu ambaye hajawahi kushika spana."

Akaenda dukani, akarudi na oili ya gia, ile nene ya magari, akaijaza kwa bismillahi. Sisi tumelelewa kwamba mkamwana hambishii baba mkwe, sembuse mbele ya majirani waliojaa uani kushangaa mashine.

Mashine ikawa inaguna tu, mifuko inatoka imelegea. Nikabadilisha mifuko, nikafuta mpira wa mfuniko, nikakandamiza mfuniko kwa mikono miwili. Wapi! Nikampigia kijana wa dukani nilikonunua, Dar. Akaniambia niweke glasi ya maji ya kawaida ndani niwashe. Pampu ikiwa nzima maji yatachemka hivyo hivyo yakiwa baridi. Maji yakatulia kimya. Akauliza, "Dada, mmeweka oili gani?" Nilipomjibu akaguta. Akasema nimwage upesi, itaua pampu.

Mzee alipokwenda swala ya Ijumaa nikaimwaga, nikasuuza pampu, nikaweka ile nyepesi. Maji yakachemka, nikarukaruka peke yangu. Aliporudi akakuta nyama imebanwa vizuri, akawaita majirani. "Mmeona? Oili yangu imeshazoeana na chuma!" Nami nikacheka nao. Lakini baadaye akachungulia kidirisha cha kioo kinachoonyesha oili ya pampu, akaikuta nyeupe. "Oili imekufa nguvu," akasema, akaimwaga, akarudishia ya gia.

Tangu hapo yeye anajaza, mimi namwaga akienda msikitini. Wiki iliyopita sikuwahi kumwaga, nikatuma mzigo hivyo hivyo. Mama wa Tanga akanipigia simu kwa hasira: mifuko imevimba, nyama inanuka. "Unataka niue watu?" Amesema mzigo mwingine wa hivyo, basi, tusijuane. Nimelia sana. Nilipomwomba mume wangu aseme na babake, alinijibu, "Muache mzee wangu afurahi. Tangu mama afariki sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, mpaka ilipokuja hiyo mashine." Kana kwamba mluzi unalipa ada ya shule!

Lakini kinachonitesa zaidi ni cha juzi. Mzee aliniita barazani tukiwa wawili tu.

"Mwanangu," akasema, "kule kazini siku ya kupunguzwa, wenzangu walijua mapema kuwa jina langu limekatwa. Wakaniacha napaka grisi tangu asubuhi, naimba, wao wanakonyezana. Hakuna aliyeniambia. Mimi ile siku siisahau. Wewe usinifanyie hivyo. Mashine ikinishinda niambie tu, nitarudi Handeni, sitakuwa na kinyongo."

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Nikamtazama usoni, yule mzee anayewanyooshea wanangu sare za shule siku hizi, nikajikuta nasema, "Baba, inafanya kazi vizuri." Akanishika kichwa, akaniombea dua.

Najua atakachofanya nikimwambia. Huyu akisema anaondoka, anaondoka, na kule Handeni hakuna hata wa kumchotea maji. Nisipomwambia, mashine itakufa, na Mungu apishe mbali, kuna mtu atakula nyama yangu augue. Keshokutwa nina mzigo wa Tanga, na mzee leo amenunua dumu zima la oili.

Ningeendelea kuvumilia, lakini jana jioni jirani yangu alinipitia dirishani, akaniuliza huku anacheka, "Shoga, leo umeshamwaga?" Nikashtuka, sikuwahi kumwambia mtu. Akasema, "Aa, mbona mtaa mzima tunajua!" Na muda huo mzee yuko uani anafuta mashine, wanawake wawili wamesimama ukutani wanakonyezana.

Ni yeye peke yake asiyejua. Ndugu zangu, nishaurini, nimwambieje, na niyaanzie wapi?