Moto wa Mwanamkuu na Darubini Mbili

Mpunga wa Mwanamkuu ulikuwa umeinamisha vichwa, naye mwaka huu aliulinda gizani. Dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti pale Ngorongo, halikuwa na moto wa kufukuzia nguruwe. Hajira, binti wa chuo kikuu aliyekuja kupima unene wa nyota, alimsihi asiwashe, maana mwanga wa moto ungeharibu kazi.

"Tukimaliza tu, mama, utawasha."

"Na nguruwe umewasihi?"

Darubini moja ilikaa ubavuni mwa dungu, nyingine shambani kwa shemeji yake Haidari. Zote zilitazama nyota moja na kunasa mitetemo midogo ya mwanga wake, ili Hajira alinganishe. Kila siku aliisogeza ile ya pili mbali kidogo.

"Mwanzo zilipatana vizuri," Hajira alisema jioni moja, akiandika daftarini. "Sasa zinaanza kupishana."

Mwanamkuu aliingiwa na wasiwasi. Kwao mwandamo wa mwezi ulitaka mashahidi waliosema neno moja, na mlinzi wa dungu akiita, mwenzake sharti aitikie. Wawili wakipishana, kazi haijaisha. Na kazi isipoisha, hakuna moto.

Asubuhi, Hajira alipokwenda Kibiti kuchaji betri, Mwanamkuu alimwita Haidari penye ile darubini ya pili.

"Shemeji, tusukume hiki chombo kirudi kilipopatana na mwenzake."

"Nyota umesomea wapi wewe?"

"Nataka moto wangu."

Wakakisukuma mpaka magurudumu yakaacha mifereji kwenye tope.

Hajira aliporudi, aliitazama ile mifereji, akakaa chini palepale.

"Mama, huko kupishana ndiko nilikokuwa nakutafuta. Nyota ikiwa nene, darubini hupishana zingali karibu. Ikiwa nyembamba, mpaka ziachane mbali sana. Umbali ule ndio unaonipa kipimo. Sasa itabidi nirudie."

"Yaani mashahidi wakipishana, ndipo unajua?"

"Ndiyo, mama."

Mwanamkuu alimgeukia Haidari.

"Usiniangalie mimi," alisema Haidari. "Mimi na wewe tunapishana tangu harusi yako, na hakuna aliyetupima."

Magharibi ikapita bila moto. Nguruwe walikoroma upande wa mtoni. Mwanamkuu akavuta kamba ya makopo, yakagongana juu ya mpunga, na kule mbali makopo ya Haidari yakaitikia. Akavuta tena, akatega sikio kusikia kama yanapatana na yake au yanapishana, na hakujua aombe lipi.