Miaka Ishirini Niliyompunguzia Bibi

Kwetu watu hawafi upesi. Mama yake Bibi alifariki ana miaka mia na sita, na asubuhi hiyo alikuwa amechambua maharage. Bibi mwenyewe ana mia na mmoja. Anaishi Louisville kwa mjomba, anatembea bila fimbo na anatusuta tukilala hadi jua kali. Majirani wanasema ni kwa sababu sisi ni Wakweka, watu wa Kanisa la Marafiki: hatunywi, hatugombani, hatusemi uongo. Hatuapi hata mahakamani. Ndiyo yetu ni ndiyo.

Mimi nilisema uongo mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Karani aliuliza umri wa Bibi kwa Kiswahili, Bibi akajibu kwa Kirundi, na mtafsiri ndiye mimi. Kambini watu walinong'ona kwamba wazee sana hawapandishwi ndege. Basi nikampunguzia miaka ishirini. Karani akaandika, na siku ya kuzaliwa tarehe mosi Januari, kama alivyotuandikia sote tusio na vyeti. Tukaja Amerika, nami nikajiona mjanja kweli!

Mwezi uliopita ikaja barua ya idara ya uhamiaji. Bibi alikuwa ameomba kumleta mama mkubwa, binti yake wa kwanza, aliyebaki kambini na sasa ana miaka sabini na minane. Wamekataa. Kwa makaratasi yao, Bibi alimzaa akiwa na miaka mitatu.

Mama akaja kwa mjomba kutoka Columbus. Mimi niliendesha gari kutoka Buffalo siku nzima. Mjomba alimsema yule karani wa kambini, eti alikosea kuandika, mpaka povu likamtoka. Mama akaniuliza kama namkumbuka, nikasema namkumbuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili asubuhi tukakaa kimya sebuleni, kama tufanyavyo kabla ya kuomba, kila mtu akingoja neno moyoni. Kimya cha kwetu ni kirefu jamani, mtu anaweza kujificha humo. Mimi nimejificha zaidi ya miaka ishirini. Nikamtazama Bibi, nikawaza: huyu atangoja hadi mia na sita akitaka. Lakini mama mkubwa ameugua malaria mara mbili mwaka huu, na damu ya ukoo haimkingi mtu na kambi.

Nikasimama. Nikasema yote kwa Kirundi, Bibi asihitaji mtafsiri.

Mama akafunika uso. Bibi hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alifungua fundo la kitenge, akatoa simu. Mama mkubwa alikuwa bado hajaambiwa habari ya barua.

"Mimi nilipanda ndege," Bibi akasema. "Mwambie yeye."

Nikapiga. Ilipokelewa mara moja, kama vile simu ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi.

"Mwanangu," akasema mama mkubwa, "wamekubali?"