Litungu Nililolipiga Kichwani

Nilipokuwa mtoto kule Gorong'a, ukutani kwa babu kulikuwa na msumari mmoja ambao sisi wasichana hatukuruhusiwa kuukaribia. Hapo ndipo lilipotundikwa litungu lake, ala yake ya nyuzi. Bibi alitukanya: mwanamke akiligusa, mizimu inakasirika na ng'ombe wanakauka maziwa. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Leo nina watoto wangu, na bado nikikumbuka hasira inanipanda.

Kila jioni babu alimfundisha baba mdogo Mwita wimbo wake wa kusifu ng'ombe. Mwita alikuwa na kila kitu: kigoda, litungu, mwalimu. Akishaliweka chini, hakuuwaza wimbo ule mpaka kesho yake. Mimi nilikaa karibu na mlango nikipukuchua mahindi, macho kwenye vidole vya babu. Asubuhi, nikipalilia mihogo, niliupiga wimbo wote kichwani. Sisemi niliuimba. Niliupiga. Nilihisi kidole gumba kikivuta uzi na kidole kingine kikisubiri zamu yake, huku mikono yenyewe imeshika jembe. Nikikosea, nilirudi mwanzo.

Babu aligundua. Jioni moja aligusa kwa makusudi uzi usiotakiwa, nami nikainua kichwa ghafla. Alinitazama, akatabasamu, akaendelea kupiga. Tabasamu lile sijalisamehe.

Siku ya mnada, wakubwa walipoondoka, nilipanda kigoda nikalitungua. Vidole vyangu vilikuwa laini, viliuma, na mwanzo ulinikwama. Halafu vikashika njia. Sikuwa nimewahi kugusa hata uzi mmoja, lakini wimbo ulitoka, si mtamu kama wa babu, ila mzima. Nilikuwa naurudia, machozi ya furaha yananitoka, nilipomwona bibi mlangoni na kikapu chake kichwani.

Hakunichapa. Ingekuwa afadhali. Aliwasubiri wote warudi, akawakalisha.

"Bhoke, nani amekufundisha?" aliuliza baba mdogo.

"Nimejifundisha. Nilikuwa napiga kichwani."

Akacheka. "Mimi nashika nyuzi kila siku na bado sijui. Wewe utajua kwa kuwaza tu?"

"Sio yeye," bibi alisema. "Ni mzimu wa baba mkwe wangu, yule aliyelichonga. Ametumia mikono ya mtoto huyu."

Nilimtazama babu. Alikuwa anajua. Aliangalia miguu yake.

Walichinja kuku kumtuliza huyo mzimu, na haukupita muda ng'ombe wetu mwekundu akakauka maziwa. Onyo la bibi limetimia, wakasema. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mtoto anayeanza kuchunga anajua kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa hukauka maziwa kabla ya kuzaa, na yule tumbo lake lilikuwa linagusa nguzo za zizi kila akipita. Akazaa ndama mwenye afya. Hakuna aliyekuja kuniambia, Bhoke, tulikuonea. Nilishakatazwa hata kukaa pale mlangoni babu akipiga.

Babu tumemzika mwaka huu. Nilipanda bodaboda kutoka Tarime, nikafika nikawaamkia wazee, nikakaa. Mwita, ambaye sasa ana mvi, alijaribu kuupiga wimbo wa babu akapotea palepale alipokuwa akipotea zamani. Bibi, aliyebaki mifupa mitupu, akalichukua litungu akaniletea mbele ya watu wote.

"Chukua, mama. Labda leo mzimu utakubali kuja."

Nilikuwa nimelitamani maisha yangu yote. Angesema tu, piga wewe, ningelipokea kwa magoti.

"Bibi," nilisema, "mwiteni huyo mzimu aje apige mwenyewe."

Litungu likarudi msumarini. Sijui kama nilishinda, maana mikono iliyokosa ni yangu. Lakini mzimu haukai shambani juani, ukakosea, ukarudi mwanzo, ukakosea tena. Mimi ndiye niliyeifanya kazi hiyo, na walininyang'anya wakampa mzimu. Nikabaki kwenye benchi, mikono mapajani, nikampigia babu wimbo wake kichwani mpaka mwisho.