Bakuli la Minji

Juzi pale Adams Arcade nilimwona mwanamke akiambua minji, zile njegere mbichi, kando ya barabara, vidole vikienda mbio bila yeye kuvitazama. Harufu mbichi ya maganda ilinirudisha utotoni Mutuini, kwa shosho, nyanya yangu.

Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Kila baada ya wiki mbili daktari wa mazoezi alikuja kwa pikipiki, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, kisha akamwachia kazi: kuambua bakuli zima la minji kila siku, kwa mkono huohuo mgonjwa.

Nilikuwa nimefunzwa kwamba mtoto mwenye adabu hakai tu akimtazama mkubwa akihangaika. Kwa hiyo kila siku nikitoka shule nilichukua lile bakuli, nikamaliza mimi.

Alasiri moja daktari aliuliza, "Shosho, hizi minji unamaliza kweli?"

"Anamaliza zote," nilidakia, nikingoja kusifiwa.

Daktari aliushika ule mkono muda mrefu. "Kama ni kila siku na bado uko hivi, sina lingine la kufanya. Kuna wagonjwa wengine huko mbele wananingoja."

Shosho alinitazama. Kisha akamuaga daktari.

Pikipiki ilipoondoka nilipiga makofi. Nilidhani daktari akiacha kuja, mtu amepona.

Kesho yake nilimkuta na bakuli mapajani, akipambana na ganda moja. Nililitoa mkononi mwake, nikaliambua.

"Asante, mami," alisema.