Mpaka Mfuko wa Kwanza Uishe

Wadih Maluf ana umri wa miaka thelathini na mmoja na ameongezewa damu kama mara mia tano. Alizaliwa na thalasemia. Mwili wake hautengenezi damu ya kutosha. Kila baada ya wiki tatu huketi hospitalini Beirut, kiti cha dirishani, mifuko miwili ikimwingia kwa saa nne.

Hospitali hutaka familia ilete wachangiaji. Kwa hiyo mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Mama Wadih, ana daftari la watu wenye kundi la O hasi kama la Wadih, ambao ni wachache. Mwuza nyama yumo. Padri yumo. Mtu aliyewahi kuwagongea gari naye yumo.

Wadih anampenda mwanamume aitwaye Tamim, fundi wa viyoyozi. Mama Wadih alimjua kama rafiki wa mwanawe, na kwa miaka minne alimlisha kila Jumapili.

Mtaalamu wa saikolojia wa kwanza ambaye Wadih alimwendea alifungua mafaili mawili, moja la damu na jingine la "hayo mengine", kisha akauliza kama aliwahi kuongezewa damu ya wanawake. Wadih alimjibu kwamba mifuko haiandikwi hivyo. Hakurudi.

Wa pili, Bi Rula, alifungua faili moja. Yeye mwenyewe ana baridi yabisi na hukalia mito miwili.

"Kumpenda Tamim si ugonjwa, hapo hakuna cha kutibu," alimwambia siku ya kwanza. "Thalasemia ni ugonjwa, na inachosha. Tuzungumze unavyoishi. Hemoglobini yako leo ngapi?"

"Saba."

"Basi leo hatuamui jambo lolote."

Ikawa ndiyo kanuni yao: mambo makubwa huamuliwa damu ikiwa imeshaingia.

Taabu ilianzia kwenye leseni ya udereva. Jumapili moja Tamim aliiacha mezani, na Mama Wadih akaisoma, kwa sababu yeye husoma leseni za watu wote.

"Tamim mwanangu, hapa pameandikwa O hasi."

"Ndiyo, mama."

"Miaka minne unakula majani yangu ya mzabibu yaliyojazwa wali, kumbe una O hasi mwilini."

Tamim alimtazama Wadih. "Naogopa sindano, mama."

"Unaning'inia kwa kamba ghorofa ya nane, halafu unaogopa sindano?"

"Kamba haidungi."

Ukweli ni kwamba fomu ya benki ya damu humwuliza kila mwanamume kama amewahi kulala na mwanamume. Anayejibu ndiyo hurudishwa nyumbani. Tamim alishajibu ndiyo mara moja.

Mama Wadih alimwandika Tamim daftarini, kisha akatangaza kwamba Tamim asikanyage kwake kabla ya kukanyaga benki ya damu. Kufikia Jumanne mwuza nyama alikuwa akificha mishikaki kila Tamim anapopita. "Pita tu, bwana, nimeshaviweka mbali vyenye ncha."

"Nitarudi nijibu hapana," Tamim alimwambia Wadih. "Nimepima, damu yangu ni safi."

"Na mimi nitakuwa nani kwenye hiyo hapana?"

Wadih akaenda kwa Bi Rula.

"Unataka nini?" Bi Rula akauliza.

Madaktari wake hawakuwa na kawaida ya kumwuliza hivyo.

"Nataka Tamim ale kwetu Jumapili bila kuitwa mwoga."

"Na unaogopa nini?"

"Mama akijua, ataacha kupiga simu. Asipopiga simu, sina damu."

Bi Rula hakumwambia kwamba hofu hiyo ni ya bure. Alimpa namba za watu watatu wa chama cha wagonjwa wa thalasemia wanaotafutiana wachangiaji, naye Wadih akazungumza nao mmoja mmoja palepale. Wote wakakubali.

"Hemoglobini?"

"Sita na nusu."

"Basi si leo. Na hata kesho si lazima."

Alhamisi padri alichangia. Wadih aliketi dirishani, mama yake pembeni akimenya chungwa. Alisubiri mpaka mfuko wa kwanza ukaisha, muuguzi akaweka wa pili. Ndipo akamweleza swali la fomu, na jibu la Tamim, na kwamba jibu lake yeye ni hilohilo, kwa sababu ya Tamim.

Mama Wadih alimaliza kumenya chungwa.

"Wanamwuliza kila mwanamume?"

"Kila mwanamume."

"Na padri?"

"Na padri."

Alilitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko yale mengine.

"Kwa hiyo haogopi sindano."

"Ile sindano ya pampu yangu ya dawa ya kutoa chuma mwilini, ni yeye anayenidunga kila siku."

"Uliniambia unajidunga mwenyewe."

"Nilidanganya."

"Mjomba wako asijue," akasema. Kisha akaangalia mfuko. "Mbona damu inashuka polepole hivi? Mwite muuguzi."

Siku tatu hakumtaja Tamim. Jumapili asubuhi alimwambia Wadih ampigie simu aje na njaa. Mwuza nyama alipouliza kama yule mwoga amesamehewa, alijibiwa kwamba Tamim alikwenda kuchangia akakataliwa, na kwamba kilo moja haina mfupa mkubwa namna hiyo.

Kabla ya kula Mama Wadih alifungua daftari lake. Jina la Tamim lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu kwenye orodha ya wachangiaji, naye akaliacha hivyo. Alirudi ukurasa wa kwanza, penye watu wa kuitwa Wadih akizidiwa. Palikuwa na namba moja tu, yake mwenyewe.

"Namba yako," akamwambia Tamim. "Taja polepole."